Kiti cha Kutuliza Moyo

Nilishavaa viatu, mfuko begani, naaga. Shemeji yangu Mlekwa alikuwa kitini. Siku hizi kila mfanyakazi hupewa kiti na kazini kwake, akikalie nyumbani jioni mpaka chenyewe kiseme moyo umetulia. Ukiinuka kabla, kesho huna kazi.

Mdogo wangu Zawena akamwambia mumewe, "Msindikize kaka japo hadi barabarani. Au umeota mizizi?"

"Hakijaniruhusu, mama."

"Kaa tu, shemeji," nikasema. "Njia naijua."

Akainuka. Tulitembea hadi kona, anacheka kama mtoto aliyetoroka shule.

Mlekwa alifukuzwa kazi. Zawena akaajiriwa, akaletewa kiti chake. Jioni yeye yuko kitini, watoto wao hula na baba yao. Nami kila nikija, Mlekwa hunisindikiza mbali zaidi, na kurudi hataki.