Sauti ya Mzee Gwamaka

"Hii inaficha mambo," Hezroni alimwonya mteja wake, akigonga kwa kidole priamplifaya ya kushoto. "Chukua ya kulia, ndugu yangu. Utasikia hadi pumzi."

Zilikuwa mbili mezani, pale kwenye kibanda chake karibu na stendi ya Kyela: mashine kuukuu za enzi za redio za mbao, taa zake za kioo zikiwaka kama makaa. Kazi yao moja, kuipokea sauti nyembamba ya kaseti na kuipa mwili kabla haijafika kwenye amplifaya. Lakini tabia, mbingu na ardhi! Ya kulia ilisema kweli tupu, mikwaruzo na yote. Ya kushoto ilinenepesha kila kitu.

Andongwisye aliichezesha kaseti kwa mara ya nne, maneno mawili matatu tu, akaizima.

"Baba alikuwa mtu wa kaseti, simu hakuzitaka," alisema. "Nipe hii ya kushoto. Ndivyo alivyokuwa akisema, kifuani."

Hezroni akaitenga ya kushoto. Nani abishane na mfiwa? Fundi anajua mashine, lakini mtoto ndiye anayemjua baba. Akakubali hata kwenda naye Ikolo kuifunga, maana taa za zamani zikirushwarushwa kwenye bodaboda, kwisha kazi.

"Ndaga fijo, fundi," Andongwisye alishukuru, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Kufika Ikolo, ndipo Hezroni alipojua kaseti ilikuwa na nini. Majirani walijaa sebuleni kusikiliza wosia. Marehemu Mzee Gwamaka aliacha shamba la kakao, na aliyelilima ni Kisa, mjane wa mwanawe mkubwa, kaka yake Andongwisye, na mama wa watoto watatu wadogo. Kumbe kilichosubiriwa ni kama mama huyo atabaki au atafungasha. Hezroni alitamani mashine yake iungue.

Kisa mwenyewe alikuwa jikoni. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Kwa miaka kumi na moja, kila aliposikia sauti ya mzee uani, Kisa alitupa alichoshika akakimbilia migombani. Sura ya mzee hakuijua, hata ndani ya jeneza hakumtazama.

Hezroni akabonyeza.

"Shamba la kakao namwachia mwanangu Andongwisye," sauti ikanguruma. "Kisa arudi kwao Mwaya."

Jirani mmoja akavua kofia. Mwingine akaangua kilio: "Ndiye! Jamani, ndiye mwenyewe!" Andongwisye akainamisha kichwa. Hezroni akatazama sakafu, akiilaani siku aliyojifunza ufundi.

Sauti ilikuwa bado inaendelea mlango wa jikoni ulipofunguka. Kisa akaingia na birika, hakujifunika, hakuharakisha. Akapita mbele kabisa ya spika, akaanza kumimina chai.

"We Kisa!" Shangazi Marta, dada wa marehemu, aliruka kitini. "Huna haya? Humsikii mkwe wako?"

Kisa alijaza kikombe cha kwanza, akamkabidhi kwa heshima.

"Namsikia shemeji tu, shangazi."