Samaki wa Shuwena

Meli ya utafiti ilitia nanga mbele ya mji mdogo, na vijana waliokuwa wakisomea viumbe vya bahari wakamzunguka mwenzao Shuwena. Alikuwa amenasa samaki mwekundu, mdogo kama kidole gumba, ambaye hakuwamo katika kitabu chochote.

"Tutampa jina lako," alisema Daktari Mbwana, mkuu wa safari. Shuwena akasisimka. "Mtie kwenye spiriti," Daktari akaendelea.

"Bado mzima, Daktari."

"Akifa juani ataoza, na jina lako litapotea naye."

Shuwena akamtumbukiza katika chupa ya spiriti. Samaki akajipinda, akaachama, na vitoto vyembamba kama punje za mchele vikamwagika kutoka kinywani mwake.

"Huyo ni baba, huwalea watoto mdomoni!" Daktari alisema kwa furaha. "Tumepata na watoto!"

Vijana wakapiga makofi. Spiriti ilipovichoma, vitoto viligeuka vyote kwa pamoja, vikakimbilia kwa baba yao. Kinywa kilikuwa kimeshafumbwa.

"Funika, mwanangu, isije ikamwagika," Daktari akamwambia Shuwena.

Shuwena alishika kifuniko. Vitoto viligonga midomo ya baba yao, vikarudi nyuma, vikagonga tena, naye Shuwena akaanza kukikaza kifuniko, polepole.