Friji ya Gumato

Wenye friji walikubaliana kuziacha mbele ya ofisi ya umeme mpaka bei ishuke. Gumato, muuza maziwa ya ngamia, alileta yake kwa mkokoteni wa punda, mlango ameufunga kwa kamba.

Afisa alitoka, funguo za gari mkononi.

“Mama zangu, bei inapangwa huko kusini. Sisi hapa ni wauzaji tu.”

“Basi njoo uone mlichoniachia,” Gumato akamwambia, akafungua kamba.

Ndani, juu ya nyasi kavu, kuku wake alikuwa ameatamia. Ndimo alimokuwa akitagia tangu bei ya umeme ilipopanda na friji ikazimwa, na asubuhi Gumato alimsahau kabisa.

Wenye friji wakasogea kuchungulia. Kuku akatoka, akautazama umati, akarudi ndani akayalalia mayai yake. Afisa akawasha gari.

Gumato akabaki ameushika mlango, asijue aufunge au auache wazi.