Foleni Isiyopimwa

Wallahi, hili ni kweli tupu. Hamduni, mtafiti wa barabara, alikuwa kando ya barabara kuu akipima kwa saa jinsi magari yanavyocheleweshwa. Waombolezaji wakaja na jeneza, wakashindwa kuvuka kwa wingi wa magari. Jua lilikuwa linazama na makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara.

"Tuwapime na hawa," Hamduni alimwambia mwenzake wa kazi.

"Hao si magari, bwana," mwenzake alicheka. "Kipimo chetu hakiwajui."

"Basi kipimo chetu kibovu."

Aliibonyeza saa ianze upya. Wachukuzi wa jeneza walipobadilishana mabega mara ya pili, uvumilivu ulimwishia Hamduni, akaingia barabarani mkono juu. Magari yakasimama, madereva wote wakashuka kulitia jeneza bega, milango ikabaki wazi.

Mke wangu, aliyekuwepo, anasema walishuka wawili tu. Haya, nimenaswa; kwa adhabu, kahawa yake leo naipika mimi.