Mawe ya Fundi Saa

Fundi saa alikibana kijiwe kwa kibano, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakitupa. Kilikuwa cheusi, laini, cha ukubwa wa punje ya dengu. Kingefaa kabisa kuwa cha tano. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameapa kwamba leo anakwenda kusema.

Kokoto alizipata kwa jirani, aliyekuwa anajenga ukuta usiokwisha. Alizichagua kwa macho yaliyozoea skrubu za saa, akazisugua kwa msasa hadi kingo zikaisha, akazitumbukiza kwenye chupa ya mkojo aliyopewa kliniki. Hapo ndipo aibu ilipomkolea, kwamba hata kudanganya alikuwa amedanganya kwa ufundi.

Daktari bingwa wa njia ya mkojo alikuwa anafanya utafiti juu ya wanaume ambao mawe ya figo hayaachi kuwarudia. Fundi aliandikishwa kwa jiwe moja la kweli, lililomtoa machozi mbele ya mkwewe, likabaki maabara. Baada ya hapo, kimya. Na sheria ilikuwa wazi: miezi mitatu mfululizo bila jiwe, jina linafutwa, na kliniki huji tena.

Mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Lakini mke wa fundi alikuwa amefariki, mwanawe alipiga simu akiwa na shida tu, na hapakuwa na mtu mwingine aliyemuuliza kama amelala vizuri. Sista wa kliniki ndiye aliyeuliza. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alimweka mwisho wa foleni, makusudi, ili wasiharakishwe.

"Maji unakunywa?"

"Nakunywa, sista."

"Mbona umekonda? Au hupiki?"

"Kupika napika. Kula peke yangu ndiko kunanishinda."

"Hilo na mimi linanishinda," alijibu sista siku moja, akaandika tarehe nyingine.

Basi fundi akadanganya, mara nne. Halafu daktari akaanza kumpa mkono kwa mikono miwili na kumwita kisa cha nadra, na hapo fundi akashindwa kuendelea. Miezi saba sasa alikuwa anapeleka chupa yenye mkojo mtupu, akisubiri kufutwa. Ajabu ni kwamba kila mara sista aliichukua ile chupa, akaingia nayo chumba cha nyuma kuichuja, akarudi na tarehe mpya. Labda hesabu ya miezi ilikuwa imempotea, fundi aliwaza, na hakuwa na moyo wa kumkumbusha.

Jumanne hiyo alimkuta sista dirishani anamwagilia maua yake kwenye chungu. Hata vile vikokoto vyeupe alivyokipambia alivimwagia maji kwa uangalifu, kimoja kimoja.

"Maua hayo unayapenda kuliko wagonjwa," fundi alimtania.

"Hayo hayaponi yakaniacha." Sista aligeuka akitabasamu. "Chupa iko wapi?"

"Leo sina chupa. Nataka kumwona daktari. Nina neno litakalonifutisha jina."

Tabasamu likamtoka. "Nani kasema unafutwa? Rudi nyumbani, fundi. Nakuandikia tarehe sasa hivi."

"Sista, niache. Limenifika shingoni."

Sista alimfuata hadi ndani, faili kalikumbatia kifuani, akasimama kando ya meza ya daktari.

Daktari aliinuka na mikono yake miwili. "Umekuja wakati mzuri! Ijumaa nakisoma kisa chako mbele ya madaktari wenzangu, na kesho mawe yako yanakwenda maabara kuu." Akaipigapiga bahasha iliyokuwa mezani. "Miaka ishirini ya kazi, mzee wangu, sijapata kuona kitu kama hiki."

Mtu mwema kama huyu, fundi akawaza, na mimi nampeleka kuchekwa na wenzake. Akapiga moyo konde.

"Usiyapeleke, daktari. Hayo si mawe ya figo. Ni kokoto. Niliziokota kwa jirani nikazisugua."

Daktari alicheka. Kisha alimtazama vizuri, akaacha kucheka, akaketi.

"Kwa nini?"

"Nilitaka niendelee kuja. Nyumbani hakuna mtu." Masikio yalimwaka moto. "Nimekukosea sana. Sista naye nimemkosea, nimemchujisha uongo mwaka mzima na nusu. Nifute jina, unifukuze, ni haki yako. Naomba tu unipe hizo kokoto nne nikazitupe mwenyewe."

Sista alikuwa anatazama sakafu.

"Nne?" daktari aliuliza.

"Nne."

Daktari aliinamisha bahasha, akamwaga vilivyomo juu ya karatasi. Zilianguka kokoto nne nyeusi, kila moja laini kama alivyoisugua mwenyewe. Halafu zikaanguka tatu nyeupe.

"Mimi naona saba," alisema daktari. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na hizi nyeupe, za miezi hii saba, ndizo zilizonitia wazimu. Figo moja kutoa mawe ya rangi mbili! Hizi nazo umezitoa wapi?"

Fundi aliinama kuziangalia. Macho yake hayakuwa na haja ya kuzitazama mara mbili, maana nyingine kama hizo zilimwagiwa maji mbele yake muda mfupi uliopita, chunguni. Pembeni ya meza, sista alikuwa amelipandisha faili hadi kidevuni.

"Na hizo ni zangu, daktari," akasema. "Nilikosea hesabu."