Kanga ya Kumkumbusha Mwanahawa

Tangu binti yangu Mwanahawa atimize miaka kumi na minane, sheria inanikataza kumkumbusha dawa za figo, eti ajitegemee. Kidude cha hospitali kinachotusikiliza ukutani kikinisikia nikimkumbusha, anarudishwa wodi ya watoto mwaka mzima. Figo yenyewe nilimpa mimi, lakini sasa nimekuwa kama jirani.

Leo muda umepita, dawa ziko mezani, yeye anasuka nywele. Nikajifunga kanga niliyoichapisha mwenyewe: DAWA HAIMEZWI KWA MACHO. Nikapita mbele yake, nikarudi.

“Mama, hiyo kanga inanisema mimi?”

“Kanga haina mdomo, mwanangu.”

Akacheka, akachukua dawa, akajifungia chumbani. Alipotoka nilitaka kumuuliza kama amemeza. Kidude kikawasha taa nyekundu ya kunionya kabla sijafungua mdomo.