Kasuku Alipofunga Mdomo

Kasuku aliishiwa maneno sinema ikiwa katikati, na ukumbi wa video umejaa mpaka mlangoni.

Kazi iliyompa jina hilo ilikuwa kukaa kando ya runinga na kipaza sauti, awatafsirie watazamaji filamu za kigeni, akitia na utani wake. Leo ilikuwa ya makaboi, lakini makaboi wa kisasa: mwanamke mwenye koti jekundu, farasi mweusi, muziki mzito unadunda. Mwanamke huyo alikuwa anamsaka mtu aliyemnyonga baba yake.

Sasa amempata. Muuaji, sasa mzee, ananyoa ndevu, povu shavuni, amempa mgongo. Mwanamke akainua bastola. Mzee akamwona kwenye kioo, na bado akaendelea kunyoa, wembe ukishuka kooni taratibu.

"Kasuku, sema!" mwenye ukumbi akamnong'oneza kwa ukali. "Nakulipa uangalie?"

Kasuku akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Aseme nini? Macho ya yule mwanamke yalikuwa yameshasema yote.

Nyuma, muuza mkaa, mtu asiyenyamaza hata msibani, alikuwa ameshika kichwa. Hakuna aliyekohoa.

Risasi ilipolia, ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Bosi," muuza mkaa akapaza sauti, "kumbe sinema inaongea yenyewe! Siku zote huyu anatupigia kelele za nini?"

Watu wakapiga makofi. Kasuku naye akapiga, kabla hajaelewa.

Kimya kile kilimgharimu kazi, kiti chake kando ya runinga, na jina. Sasa wanamwita Bubu.